Keratini, Kichocho na Usomaji wa Tishu za Kibofu katika Kanda ya Ziwa

Historia ya utambuzi wa keratini katika uvimbe wa kibofu cha mkojo, kwa upande wa Kanda ya Ziwa, haianzii kwenye kingamwili bali kwenye kichocho. Mayai ya Schistosoma haematobium yanapokwama ukutani mwa kibofu kwa miaka mingi huuchokoza utando wa ndani, hata seli zake zikageuka kuwa seli bapa zenye kutengeneza keratini. Ziwa lenyewe hulaumiwa mno katika jambo hili: mwambaoni hutawala kichocho cha utumbo, ilhali kile cha mkojo hupatikana zaidi katika madimbwi na majaruba ya mpunga ya Usukuma.

Kwa mkazi wa Mabatini, jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ni ile ya kilima cha Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu waliogunduliwa hapo. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa. Seli hizo zinapokuwa bado na sura yake, kingamwili hazihitajiki. Keratini hujikunja kwa tabaka za mviringo mfano wa lulu, nayo huonekana chini ya hadubini kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini.

Ugumu huzuka pale seli zinapopoteza sura hiyo, kwani limfoma hutibiwa hasa kwa dawa, na saratani ya kibofu mara nyingi kwa upasuaji. Miaka ya 1970 watafiti walitumia seramu ya sungura, yenye mchanganyiko wa kingamwili usioweza kurudiwa sawasawa. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli za wengu wa panya na seli za saratani, wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja bila kikomo. Mwaka 1982 Moll na wenzake waliorodhesha keratini 19 za epithelia ya binadamu. Maabara ya Tung-Tien Sun nchini Marekani ilitoa AE1, inayoshika nyingi za keratini zenye asidi, na AE3, inayoshika zile za besi.

Hata hivyo, AE1 na AE3 zikitumiwa pamoja huthibitisha tu kwamba uvimbe una asili ya epithelia. Haziwezi kuitenga saratani ya seli bapa na ile ya kawaida ya kibofu, kwa kuwa zote mbili zina keratini. Kwa swali hilo hutafutwa keratini mojamoja, kama vile ya 5, ya 14 na ya 20.

Fomalini nayo huzifunga protini hata kingamwili isizifikie. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba kuchemsha vipande vya tishu huzifungua tena. Kingamwili zenyewe hudai jokofu na umeme wa uhakika, lakini tishu iliyozamishwa katika nta ya parafini hukaa miaka mingi kabatini, na inaweza kukatwa na kusomwa upya.