Madaktari wakigoma, mama wa Mgeta afanye nini?

Chama cha Madaktari Tanzania (MAT) ni umoja wa kitaaluma wa madaktari. Watu wengi hukichanganya na Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini Baraza ni chombo cha kisheria kinachosajili madaktari na kupokea malalamiko dhidi yao. MAT haiajiri daktari wala haimlipi mshahara. Kazi yake ni kuwasemea wanachama, na hapo ndipo huvutana na Serikali.

Mvutano mkubwa unaokumbukwa ni wa 2012. Ulianza Januari, kwa madaktari waliokuwa mafunzoni Muhimbili kudai posho zilizochelewa. Ukasambaa. Walitaka mshahara wa kuanzia uwe shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, posho ya kazi za hatari, na pia vifaa na dawa hospitalini. Dai hili la mwisho halikusikika sana mitaani, ingawa ndilo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja. Februari 9 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikutana nao, akawasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali. Mei, waziri na naibu wake waliachwa nje ya baraza jipya.

Mgomo ulirudi Juni 23, licha ya amri ya mahakama ya kuuzuia. Usiku wa kuamkia Juni 27, kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam. Serikali ilipeleka madaktari wa jeshi Muhimbili. Rais wa MAT alifikishwa mahakamani. Kwa sheria ya ajira ya 2004, afya ni huduma muhimu, na mgomo humo umewekewa vizuizi vikali.

Je, huku milimani?

Zahanati nyingi za vijijini hazina daktari. Anayekupokea ni tabibu, muuguzi au mkunga. Kwa hiyo madaktari wakigoma, usidhani kliniki ya wajawazito, chanjo na kupima uzito wa mtoto vimesimama. Nenda siku yako ileile, na kadi yako.

Pigo huwa kwenye rufaa. Mama anayehitaji kupasuliwa huenda akashushwa kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, safari ndefu ya barabara ya mlima, mbaya zaidi wakati wa masika. Kufika na kukuta hakuna wa kukupasua ni hatari. Ukisikia mgomo umetangazwa na siku zako zimekaribia, muulize mapema mganga mfawidhi: hospitali gani inapokea, ya Serikali, ya misheni au ya jeshi? Apige simu kabla hujaondoka. Nauli na mtu wa kukusindikiza viwe tayari. Fedha ya kabichi isiishe yote sokoni.

Usisubiri mgomo uishe ukiona damu ikitoka, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto au wa baridi. Nenda zahanati saa hiyohiyo, hata usiku. Hapo ataanzishiwa matibabu wakati rufaa inatafutwa.