Watu wa Matokeo Mawili

Nanganga ni njia panda. Ukitoka pwani kwenda Masasi, hapo ndipo barabara ya Ruangwa inapochepuka, na upande wa kusini unaona ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Nilikuwa hapo kufuatilia habari za korosho. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ananizungusha vijijini akanijibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza vizuri. Nilitaka kujua alisoma mpaka wapi. Akasema: "Dada mwandishi, mimi ni mtu wa matokeo mawili. Ya kwanza ziro, ya pili four. Pepa ni zile zile."

Aliposema "pepa ni zile zile" alicheka, kisha akaendelea na habari za bei ya korosho. Mimi ndiye niliyebaki na sentensi ile. Nikaona kwamba kizazi kizima cha kidato cha nne cha 2012 kinaweza kuisema, na kwamba ukitaka kuielewa inabidi upitie historia ya mchoro mmoja wenye umbo la kengele.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika mwaka uliotangulia. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Waliofaulu walikuwa takribani 127,000, yaani asilimia 34.5. Nchi ikashika kichwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, mwenyekiti wake Profesa Sifuni Mchome. Mei mwaka huo huo William Lukuvi akasimama bungeni na kueleza kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya. Kabla mwezi haujaisha yakatoka mengine: waliofaulu takribani 160,000, asilimia 43.08.

Kati ya Februari na Mei hakuna mtoto aliyerudi kwenye dawati. Hakuna aliyefanya mtihani mwingine. Kilichobadilika ni mahali pa kukata.

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilikuwa halitumii mipaka ya alama iliyogandishwa. Alama ghafi zilisawazishwa kwanza, na mpaka wa A au D uliweza kupanda au kushuka kulingana na somo na mwaka. Mtihani wa 2012 ulitumia mipaka ya kudumu: A ilianzia 80, B 65, C 50, D 35, na chini ya hapo F. Uamuzi wa serikali ulikuwa kurudi kwenye utaratibu wa 2011. Magazeti yaliandika sana habari hii kama ugomvi wa kisiasa, na kweli ulikuwepo. Lakini chini ya ugomvi kulikuwa na swali la takwimu ambalo wengi wetu hatukulielewa vizuri.

Swali hilo lina umri wa karibu miaka 300. Mwaka 1733, jijini London, Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbia mateso ya dini na kuishi kwa kufundisha watu hesabu, alikuwa anatafuta njia ya mkato: ukirusha sarafu mara nyingi sana, kichwa kitatokea mara ngapi? Akaona kwamba majibu yanarundikana katikati na kupungua taratibu kila upande. Ukichora unapata umbo la kengele. Mwaka 1809 Carl Friedrich Gauss akaitumia kengele hiyo kwa makosa ya kupima sayari na nyota: makosa madogo ni mengi, makubwa ni machache. Kwa Gauss katikati ndipo ukweli ulipo, na kingo ni makosa tu.

Halafu likatokea jambo ambalo athari yake imetufikia mpaka huku kwetu. Mbelgiji Adolphe Quetelet, naye mtu wa nyota, mwaka 1835 akaihamishia hesabu ile kwa binadamu. Akabuni "mtu wa wastani". Baadaye alichukua vipimo vya vifua vya askari wa Scotland zaidi ya 5,000, akakuta kengele ile ile. Kama kwa nyota katikati ni ukweli na kingo ni makosa, basi kwa binadamu je? Mtu mwenye kifua chembamba ni kosa la maumbile? Mwingereza Francis Galton hakusita. Katika kitabu chake cha 1869 alizipanga alama za mitihani, pamoja na za wanafunzi wa hesabu wa Cambridge, kuonyesha kwamba akili nayo hufuata kengele na hurithiwa. Galton huyu alikuwa ameshatembea kusini magharibi mwa Afrika tangu 1850, na ndiye aliyekuja kutunga jina la ile taaluma ya kuchagua watu wa kuzaa na wasiostahili kuzaa. Mchoro wa sarafu ukawa mchoro wa thamani ya watu.

Hata jina lina mtego. Tunaiita "mgawanyo wa kawaida", tukifuata neno lililoenezwa na Karl Pearson, mwanafunzi wa mawazo ya Galton. Kwa Kiswahili "si wa kawaida" ni maneno mazito. Anaambiwa mchawi, anaambiwa mgonjwa. Lakini kengele haimhukumu mtu. Inasema tu kwamba pale ambapo sababu nyingi ndogo zisizotegemeana zinajumlishwa, matokeo hurundikana katikati. Takribani 68 katika kila 100 huwa ndani ya hatua moja ya mtawanyiko kutoka kwenye wastani, na takribani 95 ndani ya hatua mbili.

Sasa fanya hesabu. Chukua watahiniwa 1,000 wa kufikirika, wastani wao 30, hatua ya mtawanyiko 10. Ukikata kwenye 35, wanafaulu 309. Ukikata kwenye 30, wanafaulu 500. Alama tano tu, watu 191. Lakini hamisha kisu chako kutoka 55 hadi 50, ambako kuna wachache: waliopita walikuwa 6, sasa ni 23. Alama tano zile zile, watu 17. Kila unapokata karibu na nundu ya kengele, hatua ndogo inabeba umati. Ndiyo maana 2013 Tanzania ilipiga kelele kuhusu D na F, na si kuhusu A na B. Kisu kilipita pale watoto wetu walipojaa.

Baada ya hapo mipaka ikaendelea kutembea. Mwishoni mwa 2013 ikatangazwa mingine: A kuanzia 75, ikaongezwa B+, B ikaanzia 50, C 40, D 30, na E 20. Ikatajwa na divisheni ya tano kuchukua nafasi ya sifuri, watu wakapinga, sifuri ikabaki. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa wastani wa pointi badala ya divisheni. Mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudi, na sasa B huanzia 65, C 45, D 30. Kwa hiyo mtoto mwenye alama 50 alikuwa na C kwa mipaka iliyotumika kwanza kwa mtihani wa 2012, B kwa ile ya 2013, C tena kwa ya leo. Mwenye 34 alikuwa F, akawa D, akabaki D. Mwenye 29 alikuwa F, akawa E, akarudi F. Mtu huyo huyo, kalamu hiyo hiyo.

Jambo la pili ni wastani wenyewe. Pale Nanganga kila mtu anaelewa korosho, basi tutumie korosho. Wakulima watano wana magunia 3, 4, 4, 5 na 64. Jumla ni 80, wastani ni 16. Nani ana magunia 16? Hakuna. Wa katikati ana 4, na idadi inayojirudia zaidi ni 4. Ofisa akiandika kwamba mkulima wa hapa ana wastani wa magunia 16 hajasema uongo, lakini hajamwelezea hata mkulima mmoja.

Shule zetu zilikuwa hivyo. Zamani mlango ulikuwa mwembamba. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipita Ndanda wakati ambapo kufika sekondari tu kulikuwa kuchujwa mara kadhaa. Kuanzia mpango wa elimu ya sekondari wa 2004, na hasa baada ya 2006, shule za kata zikaota kila mahali. Lilikuwa jambo la haki: mtoto wa mkulima naye akaingia kidato cha kwanza. Lakini shule nyingi zilifunguliwa bila maabara, bila vitabu, na bila walimu wa kutosha wa Hisabati na sayansi. Kizazi cha 2012 ndicho kilichokalia madawati hayo, pale yalipokuwepo.

Ukichanganya shule zenye walimu na shule zisizo nao katika mchoro mmoja, si lazima upate kengele. Unaweza kupata ngamia wa nundu mbili. Wastani wa taifa unaangukia bondeni katikati ya nundu, mahali ambapo wanafunzi ni wachache. Na wastani ukishuka, swali la kwanza si "watoto wa siku hizi wana nini?" Swali ni "nani ameongezwa kwenye hesabu, na amepewa nini?" Watoto ambao zamani wangekomea darasa la saba, wasionekane katika takwimu yoyote ya sekondari, safari hii walihesabiwa. Sehemu ya ile sifuri ya Februari ilikuwa mara ya kwanza tunawaona.

Hapo ndipo ninapokataa pande zote mbili za mjadala ule. Waliosema mipaka ya kudumu ndiyo ukweli, na kusawazisha ni kupaka rangi, walisahau kwamba 35 haikushuka kutoka mbinguni. Kuna watu waliikaa na kuiandika, tena ikawafikia watoto ambao shule zao ziliwaandaa kwa dunia nyingine. Waliosema kusawazisha kumerudisha haki walisahau upande wa pili wa jedwali.

Tena mwaka huo huo wa 2013 serikali ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Lengo lake kwa kidato cha nne lilikuwa ufaulu wa asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, na 80 mwaka 2015. Mipaka ikalegezwa, na ufaulu wa 2013 ukatoka asilimia 58.25. Huenda watoto walisoma zaidi, huenda kisu kilisogea, huenda yote mawili. Tatizo ni kwamba ukibadilisha rula katikati ya kupima, namba peke yake haiwezi kukwambia ni kipi. Ndiyo gharama ya kuifanya asilimia ya ufaulu kuwa lengo: anayetaka asilimia anaweza kuipata bila kumgusa mwanafunzi.

Kila matokeo yanapotangazwa sasa, mimi huacha asilimia ya kwanza inayosomwa na kutafuta vitu vingine: mipaka ya alama ya mwaka huo, idadi ya waliofanya mtihani, na jinsi shule zilivyotawanyika. Kwa mwaka 2012 huwa narudi kwenye takwimu ambayo haikuandikwa sana Mei ile, kwa kuwa sote tulikuwa tunashangilia asilimia 43. Baada ya kusawazisha, baada ya tume, baada ya Bunge, waliobaki na sifuri walikuwa karibu 211,000. Hao matokeo yao yote mawili yanafanana.