Kijito cha Mtoni

Kaskazini ya mji wa Unguja, mahali ambapo kijito cha maji matamu huishia baharini chini ya minazi, ndipo Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, baada ya kufika kisiwani mwaka 1828 na kupendezwa na neema yake, alipojenga kasri la Mtoni, lililopewa jina la maji hayo. Humo alizaliwa, mwaka 1844, binti yake Sayyida Salme, ambaye katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, aliueleza ua mpana walimotembea tausi, paa na mbuni. Juu kilimani, Kidichi, katikati ya mashamba ya mikarafuu yaliyostawishwa kwa jasho la watumwa ambao majina yao hayakuandikwa, Seyyid alimjengea mkewe Shehrzad, binti wa Kiajemi, hamamu ya mwaka 1850, ambayo kuta zake hata leo zina nakshi za maua na ndege. Na kutoka chemchemi za jirani, upande wa Bububu, Seyyid Barghash, mwanawe aliyetawala baadaye, aliwaletea watu wa mjini maji safi. Dola yao imeondoka na kasri limekuwa magofu. Lakini jina la Mtoni, alhamdulillahi, halijakauka midomoni mwa watu.