Asidi ya Salfuriki

Asidi ya salfuriki ni kampaundi ya hidrojeni, salfa na oksijeni yenye fomula H₂SO₄. Ni miongoni mwa asidi kali, pamoja na asidi ya hidrokloriki na asidi ya nitriki. Ni mojawapo ya kemikali zinazotengenezwa kwa wingi zaidi duniani: zaidi ya tani milioni 200 kila mwaka. Mitaani hujulikana zaidi kama asidi ya betri. Tabia yake hutawaliwa na kiasi cha maji kilichochanganyika nayo, na asidi iliyozimuliwa hutenda tofauti kabisa na ile iliyokolea.

Sifa

Asidi iliyokolea ni kimiminiko kizito kama mafuta, kisicho na rangi wala harufu. Mililita moja ina uzito wa gramu 1.84, karibu mara mbili ya maji, na huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi zipatazo 337. Inayouzwa viwandani kwa kawaida huwa na asidi asilimia 98.

Ikiingia kwenye maji, karibu kila molekuli huachia ioni moja ya hidrojeni:

H₂SO₄ → H⁺ + HSO₄⁻

Ioni ya pili huachiwa kwa sehemu tu. Kuachia ioni ya kwanza karibu kikamilifu ndiko kunakoifanya iitwe asidi kali. Ukali haumaanishi kukolea: asidi ya siki hubaki dhaifu hata ikikolezwa, na ya salfuriki hubaki kali hata ikizimuliwa.

Mimenyuko ya asidi iliyozimuliwa

Ikiwa na maji mengi, hugeuza karatasi ya litimasi ya buluu kuwa nyekundu, na humenyuka na besi kutoa chumvi na maji. Huyeyusha metali kama zinki na chuma huku gesi ya hidrojeni ikitoka:

Zn + H₂SO₄ → ZnSO₄ + H₂

Kwenye kaboneti hutoa povu la dioksidi ya kaboni. Shaba haiguswi na asidi iliyozimuliwa. Ili kutambua salfeti, mkemia hudondosha kloridi ya bari. Mashapo meupe ya BaSO₄, yasiyoyeyuka hata kwenye asidi, ndiyo uthibitisho.

Mimenyuko ya asidi iliyokolea

Maji yakiwa machache, asidi huyafyonza popote yalipo. Ikimwagwa juu ya sukari huondoa hidrojeni na oksijeni kwa uwiano wa maji na kuacha kaboni nyeusi iliyofura:

C₁₂H₂₂O₁₁ → 12C + 11H₂O

Mbao, karatasi, nguo za pamba na ngozi ya binadamu huungua kwa njia hiyohiyo. Ikipashwa moto, huoksidisha hata shaba:

Cu + 2H₂SO₄ → CuSO₄ + SO₂ + 2H₂O

Chuma nacho, kwenye joto la kawaida, hufunikwa na utando wa salfeti unaokikinga. Ndiyo maana asidi iliyokolea husafirishwa kwenye matangi ya chuma cha pua au cha kawaida, ilhali iliyozimuliwa ingeyatoboa.

Utengenezaji

Mwaka 1746 John Roebuck alianza kuitengeneza Birmingham, Uingereza, katika vyumba vilivyotandazwa risasi. Mwaka 1831 Peregrine Phillips, mfanyabiashara wa siki wa Bristol, alisajili hataza ya mbinu ambayo, baada ya kuboreshwa, ndiyo inayotumika leo. Salfa huchomwa kuwa SO₂, kisha gesi hiyo hupitishwa juu ya kichocheo cha oksidi ya vanadi kwenye nyuzi kama 450:

2SO₂ + O₂ ⇌ 2SO₃

SO₃ haipelekwi moja kwa moja kwenye maji, kwa sababu ingetoa ukungu mkali wa asidi usiokamatika. Huyeyushwa kwanza kwenye asidi iliyokolea, kisha maji huongezwa.

Matumizi

Sehemu kubwa zaidi hutumika kutengeneza mbolea. Mwamba wa fosfeti hauyeyuki kwa urahisi udongoni. Asidi huubadilisha kuwa fosfeti ambayo mizizi inaweza kuifyonza, na jasi hubaki.

Huko Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asidi humwagwa juu ya mawe ya shaba na kobalti. Malakaiti, jiwe la kijani, huyeyuka hivi:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O

Kisha shaba hutolewa kwenye myeyusho kwa umeme. Kwa sababu hiyo salfa hushushwa bandarini Dar es Salaam kuelekea Kongo, na asidi kutoka viyeyushio vya shaba vya Zambia huvushwa mpakani kwa malori.

Katika betri ya gari, asidi humenyuka na risasi na oksidi yake:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Betri ikiishiwa chaji, asidi hupungua na maji huongezeka. Fundi hulipima hilo kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa kimiminiko ukilinganishwa na maji: karibu 1.28 betri ikijaa, na chini zaidi ikiisha.

Usalama

Wakati wa kuzimua, asidi humiminwa kidogo kidogo kwenye maji huku ikikorogwa; kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi. Maji ni mepesi, hivyo hukaa juu, huchemka ghafla na kurusha asidi usoni. Miwani, glovu na aproni ni lazima. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, kwa hiyo isisogezewe moto. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, vua nguo zilizolowa, kisha nenda hospitali. Usipake magadi wala dawa nyingine juu ya jeraha. Mmenyuko wake huongeza joto na kuchelewesha maji yanayookoa.