Dampo la Tabata na Sisi wa Bonde la Kilombero

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji lao katika Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi magari ya Jiji yalikuwa yakimwaga taka katikati ya makazi yao. Taka zile ziliungua usiku na mchana, moshi ukaingia vyumbani, harufu haikukatika, nzi walijaa kwenye vyakula. Walichotaka ni kimoja: dampo liondoke.

Mwaka wenyewe una uzito wake. Haki za msingi za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla mwananchi hajaweza kuzidai kortini. Mlango ulifunguka Machi 1988, na watu wa Tabata walipita humo mapema, wakati wengi hawajajua kuwa upo. Mahakama iliamuru Jiji liache kutupa taka pale. Jiji likarudi kuomba muda zaidi, likieleza kwamba halina pengine pa kuzipeleka. Jaji Kahwa Lugakingira alikataa. Alishangaa mamlaka ya umma kusimama mbele ya mahakama na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu wake, akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Ni jaji huyohuyo ambaye mwaka 1994 aliamua kesi ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Wasomi wanaikumbuka zaidi hiyo ya pili. Mimi naona ya Tabata inastahili kufundishwa kwa heshima ileile, kwa kuwa iligusa mlango wa kila nyumba.

Jiji lilifikaje hapo? Tangu enzi za ukoloni usafi ulikuwa wa baadhi ya watu. Uzunguni kulizolewa taka, Uhindini kwa kiasi, Uswahilini watu walijitegemea kwa mashimo ya uani. Baada ya Uhuru mgawanyo ule ungeweza kufutwa, lakini katika miaka ya 1970 serikali za mitaa zenyewe ndizo zilizofutwa, katika mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, baada ya kipindupindu kilicholipuka 1977 kuonyesha gharama ya mitaro iliyoziba na taka zisizo na mwenyewe. Ziliporudi zilikuta magari mabovu, mafundi wametawanyika, na mji umefura. Sensa ya 1967 iliwahesabu Dar es Salaam watu wapatao 272,000. Ile ya 1988 ilikuta zaidi ya 1,360,000.

Katika ukuaji huo bonde letu la Kilombero lina mkono wake. Bwawa la Kidatu lilianza kufua umeme mwaka 1975, na lilipokamilika mwaka 1980 mitambo yake minne ilikuwa na uwezo wa megawati 204. Umeme huo ulipita Morogoro hadi Ubungo, ukaendesha viwanda na kuwasha majumba ya jiji. Sukari yetu nayo ilikwenda hukohuko.

Baada ya Tabata, Jiji lilihamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya mia saba, nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Hoja yao ilikuwa nzito: ramani ya mipango miji ilikwisha kulitenga eneo lile kuwa la makazi. Taka zikapelekwa Vingunguti, pembeni ya Mto Msimbazi, kisha Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Katikati ya safari hiyo uzoaji ulianza kukabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1994, na baadaye vikundi vya mitaani vyenye mikokoteni. Mitaa mingi ilinufaika. Hata hivyo naiita safari hiyo kwa jina lake: kwa sehemu kubwa Jiji lilikuwa likihamisha kero kutoka kwa jirani mmoja hadi mwingine, na jirani aliyechaguliwa mara nyingi alikuwa maskini.

Hapa Kidatu tunaishi na mfano wa pili, wa taka zenye mwenyewe na zisizo naye. Kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1962, na cha Ruembe, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, kikafuata 1976. Muwa ukishakamuliwa, makapi huingia kwenye boila na kutoa mvuke na umeme. Molasi, tangu 2013, hutengenezewa spiriti. Kila kinachobaki kina mtu anayekihesabu. Nje ya geti hesabu hiyo haipo. Zamani kaya ilichimba shimo nyuma ya nyumba: maganda ya ndizi, pumba, majivu. Likijaa linafukiwa, juu yake unapandwa mpapai, na mpapai huo unazaa kweli. Siku hizi ukichimbua shimo la namna hiyo jembe linanasa kwenye nepi, chupa za soda na vifuko vya sabuni, na vifuko hivyo bado vinang'aa. Marufuku ya mifuko ya rambo, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ilipunguza sehemu ya mzigo huo. Vifungashio vingine vyote vilibaki, na barabara ya lami ya kwenda Ifakara inavifikisha haraka zaidi.

Na ardhi yetu ni finyu. Mlimani kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Bondeni kuna miwa. Kati yake kuna reli, barabara, nyumba na mto. Kinachotupwa mtaroni Kidatu mvua za masika hukisukuma hadi Ruaha Mkuu, na Ruaha humwaga maji yake katika Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere. Watu wa Kunduchi walishinda kwa sababu ramani ilikuwepo kabla ya magari ya taka. Kwetu eneo la dampo linapaswa kupimwa sasa, mbali na mto, kabla viwanja havijauzwa, na wakazi watakaopakana nalo waulizwe kwanza.