Mkataba wa Mgodini na Njia ya Ukimwi Vijijini

Katika madarasa ya siasa huzuka mara kwa mara hoja kwamba Ukimwi uliingia vijijini kwa sababu ya tabia mbaya za watu. Hoja hiyo haijibu swali la msingi: kwa nini maradhi yalishamiri zaidi mahali fulani na katika tabaka fulani? Jibu limo katika historia ya kazi. Tuchukue mfano wa Kusini mwa Afrika.

Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Mabepari walihitaji nguvukazi rahisi, lakini Mwafrika alikuwa bado mkulima mwenye shamba lake. Kodi ikamlazimisha kutafuta fedha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ikawaachia Waafrika wa Afrika Kusini asilimia 7 hivi ya ardhi ya nchi yao. Shirika la kuajiri, ambalo wazee wetu wa Rungwe walilijua kwa jina la Wenela, likasomba vijana kutoka Msumbiji, Malawi na hata Tanganyika.

Mchimbaji aliishi kambini, wanaume watupu, kwa muda wote wa mkataba. Mke hakuruhusiwa. Hii ilikuwa hesabu ya faida: mshahara ulipimwa kana kwamba mfanyakazi hana familia. Kulisha watoto na kuuguza wagonjwa kuliachiwa jembe la mke kijijini. Kwa hiyo kijiji ndicho kilichoufadhili mgodi.

Dalili za hatari zilionekana mapema. Mwaka 1949 daktari Sidney Kark, aliyefanya kazi Pholela, Natal, alieleza kwamba kaswende ilienea vijijini kwa sababu ya mfumo wa kazi za mbali uliotenganisha ndoa. Mfumo haukubadilishwa. Ukimwi ulipofika miaka ya 1980 ulikuta njia imekwisha kuchongwa. Wenye migodi walipowapima wachimbaji wa Malawi ulizuka mgogoro, na mwaka 1988 kuajiri kutoka nchi hiyo kulikoma. Mgonjwa alirudi kwao. Gharama ikabaki kijijini. Lesotho, iliyopeleka wanaume wengi mno migodini, ilifikia hali ya karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne kuishi na virusi.

Hata hivyo tusimfanye mchimbaji kuwa mbuzi wa kafara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wanandoa wa vijijini KwaZulu-Natal ulionyesha kwamba, pale ambapo mmoja tu alikuwa na virusi, karibu theluthi moja ya wenye virusi walikuwa wake. Mke aliyeachwa bila fedha wala mwenzi naye alikuwa hatarini. Mkataba uliwatenga wote wawili.

Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua vumbi la mapafu na kifua kikuu. Huo ni ushindi wa wafanyakazi. Lakini mjane aliyeambukizwa virusi hakuwamo katika hesabu hiyo.

Fundisho kwetu ni hili. Baada ya Uhuru, Tanganyika ilikomesha Wenela. Lakini popote vijana wetu wanapoishi kambini mbali na wenzi wao, iwe mgodini, shambani au kwenye ujenzi wa barabara, kada asiishie kugawa kondomu na kuhimiza dawa, ingawa vyote ni vya lazima. Aulize pia: nyumba ya familia iko wapi, na likizo ni lini?