Upepo wa bahari na moshi wa Los Angeles

Watu wengi hufikiri kwamba mji wa pwani hauwezi kukosa hewa safi. Husema: bahari i karibu, upepo utauchukua moshi wote. Lakini utauchukua kwenda wapi? Habari za mji wa Los Angeles, huko Marekani, zatupa jibu.

Kwanza tuujue upepo wenyewe. Mchana jua hupasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupanda juu, na hewa baridi ya bahari huja kushika mahali pake. Usiku bara hupoa, na upepo hurudi baharini. Wenzetu wa Kalemie na Uvira wanaujua mwendo huo, kwani ziwa kubwa nalo hufanya vivyo hivyo.

Nyuma ya Los Angeles iko milima yenye vilele vya zaidi ya mita 3,000. Tena mara nyingi hewa ya moto hulala juu ya hewa baridi itokayo baharini, kama kifuniko juu ya chungu. Basi moshi haupati njia ya kupanda. Mwaka 1542 Cabrillo, nahodha wa mfalme wa Hispania, alifika pwani ile, akaipa ghuba jina la Ghuba ya Moshi, kwa kuwa aliona moshi wa mioto ya wenyeji. Wakati ule hapakuwa na kiwanda wala motokari.

Miaka 400 ikapita. Tarehe 26 Julai 1943 ukungu mchungu uliufunika mji. Watu wakatoka machozi na kukohoa. Ilikuwa wakati wa vita, na wengine walidhani adui ametupa gesi. Kisha wakashtaki kiwanda kimoja kilichotengeneza dawa ya mpira wa bandia. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka.

Nani basi alikuwa na kosa? Arie Haagen-Smit, mtaalamu wa kemia mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa akichunguza harufu ya mananasi. Akaacha mananasi, akapima hewa ya mji. Mwaka 1952 alieleza kwamba mvuke wa esansi na gesi za injini, zikipigwa na jua, huzaa ozoni, hewa kali inayoumiza mapafu na kupasua mpira. Mkosaji hakuwa mmoja: kila mwenye motokari alikuwa na fungu lake.

Hapo ndipo tunapoona kazi ya upepo. Asubuhi motokari zatoa moshi. Mchana upepo wa bahari wausukuma bara, na jua laupika njiani. Watu wa Riverside na San Bernardino huvuta ozoni ya moshi ambao wengi wao hawakuutoa. Hata misonobari ya milimani iliugua. Usiku upepo hurudisha sehemu ya uchafu baharini, na kesho yake huuleta tena.

Mwaka 1957 kuchoma takataka uani kulikatazwa. Toka mwaka 1975 motokari mpya nyingi za Marekani zilitiwa chombo cha kusafisha moshi. Hewa ikapata nafuu kubwa, ingawa ozoni haijaisha hata leo.

Tukumbuke jambo hili: upepo hauli moshi. Waupeleka kwa jirani tu. Anayetaka hewa safi aanze pale moto unapowashwa.